Mwongozo Kamili wa Kujifunza Swift Ukiwa Mbeya: Usimalize Bando kwa Somo Lililochacha

Kila mwezi napata ujumbe ule ule, kinachobadilika ni jina la mtumaji tu: "Kaka, nimefuata video mpaka mwisho, nimeandika kila herufi kama yeye, lakini inakataa." Chini yake kuna picha ya skrini iliyojaa mistari myekundu.

Wa mwisho alikuja mwenyewe. Kijana wa Uyole, laptopu ameificha ndani ya koti kama mtu aliyebeba mtoto, mvua na baridi vimemwandama njia nzima. Nikamwomba anionyeshe hiyo video. Haikufika hata dakika moja, mwalimu akaandika `println`. Nikaisimamisha hapo hapo. Amri hiyo iliondolewa kwenye Swift, lugha ya Apple ya kuandikia programu, mwaka 2015. Siku tisa na bando la mwezi vimekwenda kwenye lugha ambayo kompyuta yake haiijui.

Kijana yule hana shida ya akili, wala ya Kiingereza. Somo, kompyuta na habari anazosoma kila kimoja ni cha mwaka wake, ndiyo maana haviendi pamoja. Mwongozo huu ni wa kuviweka kwenye mwaka mmoja, kwa mtu anayehesabu MB na ambaye umeme wake hauna ahadi. Ufuate kwa mpangilio. Ukiruka hatua ya 3 utanitumia ujumbe ule ule.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. Ya GB 4 itafanya kazi kwenye Linux, ila utakunywa chai ukiisubiri.
- Nafasi kwenye diski: GB 10 kama unatumia Linux, GB 50 kama unatumia Mac. Usibane hapa.
- Flashi ya GB 32 au zaidi. Iwe imefomatiwa kwa exFAT, sababu ipo hatua ya 2.
- Akaunti ya Apple. Ni bure, haidai kadi ya benki.
- Simu yoyote, hata Android, kwa ajili ya kusomea habari.
- Daftari la karatasi na kalamu.
- Saa moja kila siku. Saa saba za Jumapili peke yake hazifanyi kazi ile ile, nimejaribu.

Usivyohitaji kwa sasa: iPhone, kozi ya kulipia, wala zile dola 99 za kila mwaka za uanachama wa watengenezaji wa Apple. Hizo utazilipa siku ukiwa na kitu cha kuuza.

## Hatua ya 1: Jua mashine yako inakufikisha wapi

Watu wengi huanza kwa kupakua. Anza kwa kuuliza: mashine hii inaweza nini?

Una laptopu ya Windows au Linux. Unaweza kujifunza lugha ya Swift yote: vigezo, fankisheni, miundo, kushughulikia makosa, hata kuandika programu za seva. Huwezi kutengeneza aplikesheni ya iPhone, kwa sababu Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea aplikesheni, inaendeshwa kwenye Mac tu, na SwiftUI, yaani zana ya kuchora skrini, haipo Linux wala Windows. Anayekuuzia njia ya mkato hapo anakuuzia matatizo. Lakini wiki mbili za mwanzo ni za lugha tupu, kwa hiyo usikae kusubiri Mac ianguke kutoka mlima Loleza.

Una iPad. Programu ya Swift Playgrounds ni ya bure, na tangu toleo la 4 la Desemba 2021 inakuwezesha kujenga aplikesheni kamili ya SwiftUI papo hapo kwenye iPad. Wenye iPad hapa mjini wengi wanaitumia kwa katuni za watoto, na hawajui kitu wanacho.

Una Mac, au unataka kununua iliyotumika. Bonyeza alama ya tufaha, kisha About This Mac, usome mwaka. Xcode 16 ilipotoka ilitaka macOS Sonoma 14.5, na Sonoma inakubali MacBook Air ya 2018 kwenda mbele. Xcode 26 ilipotoka ilitaka Sequoia 15.6, na Sequoia inakubali MacBook Air ya 2020 kwenda mbele. Apple wenyewe walitangaza Juni 2025 kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa kompyuta za Intel. Ushauri wangu ni mmoja: kama unatoa hela yako leo, chukua yenye chipu ya M1 au mpya zaidi. Za M1 zilianza kuuzwa Novemba 2020. Intel ya bei nafuu ni ng'ombe mzee, maziwa ya msimu mmoja.

Onyo kwa anayenunua mkononi. Usitoe hela kabla muuzaji hajaifuta Mac yote mbele yako, mkaiwasha upya ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikiomba nenosiri la mtu mwingine, au ikileta ukurasa wa "Remote Management", irudishe mezani. Hiyo ni mali ya kampuni au shule fulani huko ilikotoka, na wanaweza kuifunga wakati wowote. Mimi nilijifunza hilo kwa gharama yangu, na muuzaji alishahama kibanda.

*Umefaulu ukiwa:* unaweza kuandika kwenye daftari mstari mmoja: "Mashine yangu ni hii, inabeba toleo hili la Swift au Xcode, kwa hiyo naishia hapa kwa sasa."

## Hatua ya 2: Pakua mara moja, usirudie

### Kwa Linux

Nenda swift.org/install, chagua Linux, nakili amri ya kusakinisha `swiftly`, uibandike kwenye terminali. Hiki ni chombo kinachokuletea Swift yenyewe na kukubadilishia matoleo baadaye bila kuharibu chochote. Upakuaji wote unakaribia GB 1, kwa hiyo mwachie bando la usiku. Ikimaliza andika:

```
swift --version
```

### Kwa Windows

Inawezekana, na Swift inatoa toleo rasmi la Windows tangu 2020. Ila inataka pia vipande vya Visual Studio, navyo peke yake ni GB kadhaa. Kama bando linakuuma, weka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ndani ya Windows kupitia WSL, sehemu ya Windows inayoendesha Linux, kisha fuata njia ya Linux.

### Kwa Mac

Hapa ndipo watu wanapolia. Ukiipakua Xcode kupitia App Store na mtandao ukakatika, mara nyingine inaanza upya kutoka sifuri. Mimi ilinikatikia bando la usiku likiisha alfajiri, mstari wa upakuaji ukiwa umebakiza kidole. Niliuangalia kama mtu aliyeachwa na basi stendi ya Nane Nane.

Tangu siku hiyo nafanya hivi:

1. Ingia developer.apple.com/download kwa akaunti yako ya bure. Huko Xcode inapatikana kama faili moja lenye mwisho wa `.xip`.
2. Lipakue mahali penye mtandao wa waya: chuoni kama unasoma MUST, au Iringa kama uko Mkwawa au RUCU, au kwa rafiki mwenye ofisi.
3. Liweke kwenye flashi. Faili la Xcode na la simuleta, yaani simu ya bandia ya kwenye skrini, yanaweza kuzidi GB 4, na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Itakataa wakati ni tupu kabisa. Ndiyo maana nilisema exFAT.
4. Simuleta ya iPhone inapakuliwa peke yake. Ukiwa bado kwenye mtandao mzuri, fungua Xcode mara ya kwanza na uchague iOS tu. Za saa, runinga na Vision Pro ziache, zitakula diski bure.

*Umefaulu ukiwa:* Linux inakuonyesha namba ya toleo, kwa mfano 6 na kitu. Au Mac inafungua mradi mpya na simu ya bandia inatokea kwenye skrini. Iandike namba hiyo kwenye jalada la daftari, kubwa. Utaihitaji sasa hivi.

## Hatua ya 3: Pima umri wa somo kabla ya kulitazama

Mama zetu wakinunua samaki sokoni wanafunua shavu kwanza. Somo la Swift nalo lina mashavu. Usiamini kichwa cha habari wala tarehe ya kupakiwa, maana watu wanapakia upya vitu vya zamani na kuandika mwaka mpya juu. Ruka mpaka katikati ya video, simamisha, usome msimbo ulio kwenye skrini.

Ukiona hivi, funga kabisa:

- `println(` ni kabla ya Swift 2 ya mwaka 2015.
- `i++`, au kitanzi cha `for var i = 0; i < 10; i++`, ni kabla ya Swift 3 ya mwaka 2016. Vyote viwili viliondolewa.
- `dispatch_async` yenye mstari wa chini katikati ni ya zama hizo hizo.

Hapo hakuna cha kuokoa. Msimbo hautakubali, na kuurekebisha kunahitaji ujuzi ambao ndio umekuja kuutafuta.

Ukiona hivi, somo linafaa kwa tahadhari:

- `SceneDelegate` ndani ya somo la SwiftUI: ni la 2019 au mwanzoni mwa 2020. Tangu Xcode 12, aplikesheni ya SwiftUI inaanzia kwenye `@main` na `App`. Mradi wako mpya hautakuwa na faili analolitaja mwalimu, nawe utalitafuta mpaka kuche.
- `NavigationView`: kabla ya iOS 16 ya 2022. Siku hizi ni `NavigationStack`. La zamani bado linafanya kazi, ila Apple wameshalitangaza kuwa limepitwa na wakati.
- `PreviewProvider`: kabla ya Xcode 15 ya 2023. Siku hizi unaandika `#Preview` na mabano yake, basi.
- `ObservableObject` na `@Published`: kabla ya iOS 17. Njia mpya ni `@Observable`. Hili usilikimbie, kwa sababu miradi mingi ya makazini bado imejaa njia ya zamani, na ukiajiriwa utakutana nayo wiki ya kwanza.

Ukiona `@IBOutlet` na faili la storyboard, hilo ni somo la UIKit, zana ya Apple ya kuchora skrini iliyotangulia SwiftUI. Halijafa wala halijachacha, ila ni njia nyingine. Anayechanganya UIKit na SwiftUI mwezi wa kwanza ni kama anayejifunza kuendesha bodaboda na bajaji kwa wakati mmoja.

Kuna mtego mwingine, mpya. Swift 6, iliyotoka Septemba 2024, ilileta ukaguzi mkali wa kazi zinazoendeshwa sambamba. Unafuata somo zuri la 2022, herufi kwa herufi, mradi wako ukiwa umewekwa kwenye Swift 6, unapata makosa yanayotaja `Sendable` au `actor-isolated`. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza hana biashara na maneno hayo. Kwenye Xcode fungua Build Settings za mradi, tafuta Swift Language Version, weka 5. Kompaila, yaani programu inayoutafsiri msimbo wako kwa kompyuta, inabaki mpya, ila inakagua kwa sheria za zamani. Ukishakomaa utarudisha 6 na kuelewa kwa nini ilikuwa inakugombeza.

*Umefaulu ukiwa:* unaweza kukataa somo ndani ya dakika mbili na kusema kwa nini.

## Hatua ya 4: Chagua somo moja, mengine yaache

Nimeona laptopu ina folda kumi na moja za kozi, hakuna hata moja iliyovuka siku ya tano. Chagua kimoja kati ya hivi, vyote ni vya bure:

"100 Days of SwiftUI" ya Paul Hudson, kwenye hackingwithswift.com. Hiki ndicho ninachompa kila anayeanza. Kila siku ni kama saa moja, na kila somo lina video na maandishi yake. Chukua maandishi, maana ukurasa wa maneno unakula bando kidogo mno ukilinganisha na video. Kizuri zaidi kwa walio kwenye Linux au Windows ni kwamba siku 14 za mwanzo ni lugha tupu, na skrini za iPhone zinaanza siku ya 16. Kwa hiyo kabla hujapata Mac, siku hizo unazimaliza bila kupungukiwa chochote.

Kitabu rasmi cha Swift, kwenye docs.swift.org. Hiki si cha kusoma mwanzo mpaka mwisho kama hadithi. Ni cha kufungua ukikwama. Kinarekebishwa kila toleo linapotoka, kwa hiyo hakichachi. Kipo pia kama faili la ePub, ambalo ukishalipakua linasomeka hata umeme ukiwa umelala na mnara umezima.

Exercism, njia yake ya Swift. Mazoezi madogo madogo. Unayapakua, unayafanya bila mtandao, unayatuma siku ukiwa na bando. Kwa mtu wa Mbozi au Ludewa hiki ni dhahabu.

CS193p ya Chuo Kikuu cha Stanford, video zake zipo YouTube. Ni nzuri sana, lakini inadhani tayari unajua kuandika programu kwa lugha nyingine, na kila mhadhara ni mrefu. Iache mpaka umalize cha kwanza.

*Umefaulu ukiwa:* folda nyingine kumi umezifuta. Nasema kufuta kweli, siyo kuhamishia kwenye flashi.

## Hatua ya 5: Andika kitu chako siku ya kwanza

Somo la kutazama linadanganya, kila kitu kinaonekana chepesi mkononi mwa mwingine. Kwa hiyo kabla ya siku ya pili andika kitu kinachohusu hapa nyumbani. Mimi huanza na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, maana hakuna mtu wa nyanda hizi asiyejua maumivu yake.

Fungua faili, liite `lumbesa.swift`, andika:

```
let kiloZaGunia = 100
let kiloZilizojazwa = 135
let beiYaGunia = 70_000

let ziada = kiloZilizojazwa - kiloZaGunia
let hasara = beiYaGunia * ziada / kiloZaGunia
print("Umetoa kilo \(ziada) bure, sawa na shilingi \(hasara).")
```

Kwenye terminali:

```
swiftc lumbesa.swift -o lumbesa
./lumbesa
```

Unapaswa kuona: *Umetoa kilo 35 bure, sawa na shilingi 24500.* Namba nimezitunga, weka za msimu wako.

Sasa iharibu kwa makusudi. Hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Badilisha mstari wa hasara uwe:

```
let hasara = beiYaGunia * (ziada / kiloZaGunia)
```

Endesha tena. Inasema hasara ni shilingi 0. Hakuna kosa jekundu, hakuna onyo, mkulima ameibiwa kimya kimya. Sababu ni kwamba 35 na 100 ni namba kamili, na Swift ikigawanya namba kamili kwa namba kamili inatupa mabaki yote: 35 gawanya kwa 100 ni 0. Ukizidisha 70,000 kwa 0 unajua unachopata. Mabano mawili tu. Kijana wa Uyole alitazama ile sifuri kwa muda, akasema, "Kumbe na kompyuta ina lumbesa yake." Nilimwambia aliandike hilo kwenye daftari.

Hatua inayofuata ni kumwacha mtumiaji aandike kilo mwenyewe:

```
print("Kilo ngapi?")
let jibu = Int(readLine() ?? "")
```

Hapo `jibu` si namba. Ni namba *inayoweza kukosekana*, ambayo Swift huiandika `Int?`. Mtu akiandika 135 unapata 135. Akiandika "mia na thelathini" unapata `nil`, yaani hakuna kitu. Ukijaribu kulitumia moja kwa moja kwenye hesabu, Swift inakataa kabla programu haijaanza. Fungua kwanza kwa `if let`:

```
if let jibu {
    print("Ziada ni kilo \(jibu - 100)")
} else {
    print("Andika kwa tarakimu, mzee.")
}
```

Alama ya kuuliza ndiyo inayowatoa watu wengi kwenye Swift. Ukiielewa kwa mfano wa mkulima aliyeandika maneno badala ya tarakimu, hutaisahau. Na usizoee kuweka alama ya mshangao ili tu kosa liondoke. Mshangao ni kuapa kwamba kitu kipo. Kisipokuwepo programu inaanguka mbele ya mteja.

*Umefaulu ukiwa:* umeizalisha sifuri ile mwenyewe, na unaweza kumweleza mtu ilikotoka.

## Hatua ya 6: Tega habari zikujie, usizifuate

Anayefungua mitandao kila asubuhi kutafuta "habari za Swift" anamaliza MB na kupata ubishi. Tumia kisomaji cha milisho ya RSS, yaani programu inayokukusanyia makala mpya za tovuti ulizochagua. Kwenye Android kuna Feeder, kwenye iPhone na Mac kuna NetNewsWire, zote bure na hazina matangazo. Mlisho ni maandishi matupu, wiki nzima inakula MB chache.

Weka milisho hii mitatu tu kwa kuanzia:

1. `https://www.swift.org/atom.xml` ni matangazo ya lugha yenyewe: toleo jipya limetoka, limebadilisha nini.
2. `https://developer.apple.com/news/rss/news.rss` ni matangazo ya Apple kwa watengenezaji. Hapa ndipo zinapotoka tarehe za mwisho. Mfano: kuanzia Aprili 24, 2025, aplikesheni iliyopakiwa App Store Connect ilibidi iwe imejengwa kwa Xcode 16 au mpya zaidi. Mtu asiyeusoma mlisho huu hujua siku ya kupakia, saa tano usiku, mteja akiwa kwenye simu.
3. `https://developer.apple.com/news/releases/rss/releases.rss` ni orodha ya matoleo ya Xcode na mifumo. Ukiona neno *beta*, yaani toleo la majaribio, pita. Beta si ya mashine yako ya pekee.

Kisha jiandikishe jarida moja la barua pepe: iOS Dev Weekly la Dave Verwer. Linakuja Ijumaa, limechagua makala chache nzuri za wiki na maneno mawili matatu ya kwa nini usome. Kazi ya kuchuja ameshaifanya mtu mwenye macho.

Utaratibu wangu ni Jumamosi jioni, nusu saa, jiko la mkaa likiwa karibu kama ni Julai. Napitia vichwa, nachagua makala *moja*, naisoma yote, naandika mistari mitatu kwenye daftari. Zilizobaki nazipiga alama ya kusomwa. Dhamiri hainisuti.

Ukizoea, ongeza ukurasa wa swift.org/swift-evolution. Hapo kuna mapendekezo yote ya kubadilisha lugha, kila moja lina namba yake. `Async` na `await`, kwa mfano, ni SE-0296. Kwa anayeanza, soma yale yaliyokwisha kuingia kwenye lugha tu, na humo soma sehemu ya *Motivation* peke yake. Inaeleza tatizo lililokuwepo kabla. Sehemu nyingine ni ugomvi wa mafundi, mtamu, ila si wako bado.

*Umefaulu ukiwa:* wiki nne zimepita na hujatafuta habari yoyote kwa mkono.

## Hatua ya 7: Panga mwaka wako kwa Juni na Septemba

Juni kuna WWDC, mkutano wa kila mwaka wa Apple kwa watengenezaji. Hotuba ya ufunguzi huanza saa nne asubuhi California, ambayo kwetu ni saa mbili usiku. Usiitazame moja kwa moja. Ni matangazo ya bidhaa, na mtiririko wake unameza bando. Subiri siku mbili.

Kisha nenda developer.apple.com/videos. Kila kikao kina maandishi ya kila kilichosemwa, na vingi vina msimbo wa kunakili. Kuna pia kiungo cha kupakua video kwa ubora wa chini. Anza na kikao cha "What's new in Swift" cha mwaka huo, soma maandishi yake kwanza, na video uipakue usiku kama bado una njaa.

Septemba matoleo kamili yanatoka. Usisasishe wiki hiyo, hasa kama una mradi wa mteja. Subiri toleo la nukta moja (.1). Na kabla ya kusasisha angalia tena jalada la daftari: somo lako ni la namba gani? Kama uko siku ya 60 kati ya 100 na kila kitu kinakubali, baki hapo umalize.

## Hatua ya 8: Ukikwama, soma kosa kabla hujaomba msaada

Makosa ishirini mekundu kwa kawaida ni kosa moja na watoto wake kumi na tisa. Bano moja halikufungwa juu, kila kilicho chini kimepinda. Panda mpaka la kwanza kabisa, rekebisha hilo tu, endesha upya.

Gawa ukurasa wa daftari pande mbili. Kushoto nakili kosa kama lilivyo, kulia litafsiri kwa maneno ya nyumbani:

- `cannot convert value of type 'String' to expected argument type 'Int'`: nimempa maneno, yeye anataka namba.
- `value of optional type 'Int?' must be unwrapped`: hujafungua mfuko kuona kama kitu kimo.
- `cannot find 'jibu' in scope`: jina hili halijulikani hapa, umelikosea herufi au umelitangaza ndani ya mabano mengine.

Yakifika kumi na tano utagundua unazunguka kwenye hayo hayo.

Ukibaki umekwama, uliza hivi: toleo la Swift unalotumia, msimbo mfupi unaoonyesha tatizo (mistari kumi, siyo mradi mzima), kosa lenyewe kwa maandishi, na ulichotarajia kuona. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye mwanga wa taa juu yake, nitakujibu kwa mapenzi tu lakini sitaweza kuisoma.

## Hatua ya 9: Iweke kwenye simu bila kulipa

Siku ukiwa na Mac na ukaazima iPhone, chomeka waya, ingiza akaunti yako ya bure kwenye mipangilio ya Xcode, na uichague chini ya Signing. Kwenye simu ya iOS 16 au zaidi, washa Developer Mode ndani ya Privacy & Security; simu itajizima na kuwaka. Kisha bonyeza Run. Mara ya kwanza simu inaweza kukataa kuifungua mpaka uende General, kwenye VPN & Device Management, uithibitishe akaunti yako.

Kwa akaunti ya bure unaweza kuweka aplikesheni tatu kwenye simu moja, na kila moja inaishi siku 7. Siku ya nane haitafunguka. Wengi hapo hudhani wameharibu kitu na kuifuta, na orodha yote ya wateja wa viazi waliyoijaza wiki nzima inakwenda nayo. Usiifute. Chomeka waya, bonyeza Run tena, itasakinishwa juu ya ile ile na kumbukumbu zote utazikuta.